Ukoko Si Ugali Ulioungua

Siku niliyoagwa nilikalishwa kiti cha mbele chini ya hema, nimejifunga leso mpya juu ya gauni la kanisani, na mapajani nimepakata saa ya ukutani. Hiyo ndiyo zawadi. Mtu mmemwondoa kazini, hana tena pa kuwahi, halafu mnampa saa. Lakini hilo nililimeza. Nikameza pia hotuba ya Madam mwalimu mkuu, aliyenishukuru kwa "mchango wangu wa lishe", utadhani mimi ni chanjo. Nilichoshindwa kumeza kilitoka kwa mtu mmoja aliyeshika maikrofoni, na namtaja hapahapa juu msije mkachoka kabla ya kumfikia: Kepha, aliyesoma shuleni kwetu, ambaye siku hizi anajiita Emsii Kengele na kazi yake ni kuchekesha watu kwenye harusi.

Alikuja na suti ya Eastleigh inayong'aa, ile ambayo ukiikaribia unaona uso wako. Akaanza: "Wazazi, walimu, mnajua kwa nini watoto wa fomu tuu hapa wanaitwa Ukoko?"

Watu wakasema, "Hapana!"

"Ni kwa sababu ya huyu mathe mnayemwona hapa mbele. Huyu akipika ugali, lazima aunguze! Na yale majivu ya chini, nani analishwa? Fomu tuu! Mimi nimekula majivu ya huyu mama mpaka nikataka kuwa jiko!"

Hema zima likalipuka. Madam akavua miwani apanguse macho. Askari wa geti akaacha geti. Na wewe Truphena, niliyekufundisha kukoroga uji usiwe na madonge, nilikuona umeziba mdomo kwa aproni, mabega yanaruka. Mimi nikaishikilia saa yangu. Haikuwa na betri.

Kabla sijafika nyumbani Dandora, video ya mzaha ule ilikuwa imenitangulia kwenye simu za watu. Nilikuwa nimeshasimamisha kibanda changu pale nje, cha chapati na githeri, maana miaka niliyobakisha ya kuishi si ya kukaa nikitazama ukuta. Asubuhi yake fundi viatu wa pale kona akaja, akainama chini ya turubai, akaniambia, "Mama Kasyoka, nipatie chapati mbili. Lakini si za fomu tuu." Akacheka. Aliyekuwa nyuma yake akacheka pia, kisha akaenda kununua mandazi kwa jirani.

Mpishi hana cheti ukutani. Ana jina tu, na jina likishika harufu ya moshi halifuliki. Basi ninyi mlioachiwa lile jiko, nawaandikia habari za neno Ukoko, lilikotoka na lilivyotumika, mwisho mseme wenyewe nani ajibu. Mimi niliishia darasa la sita. Msinitafutie makosa ya herufi. Tafuteni makosa ya watu. Hayo nitawaonyesha, na wenyewe nitawataja.

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuja na viatu vya kanisani, vyenye kisigino. Jikoni kulikuwa na moshi wa kuni, sakafu ya simenti iliyolowa, na sufuria tatu ambazo ningeweza kuoga ndani yake. Mpishi mkuu alikuwa Mzee Salim, mzaliwa wa Majengo, kofia nyeupe kichwani, sauti ya chini, ulimi wa wembe. Akatazama viatu vyangu.

"Binti, umekuja kupika au umekuja kuposwa?"

"Kupika, mzee."

"Basi rudi ulikotoka, upitie Kariokor ununue akala."

Nilirudi na akala za tairi, nazo ndizo nilizovaa mpaka mwisho, jozi baada ya jozi. Sikilizeni vizuri, maana nasikia mnaingia jikoni na ndara. Tairi haliogopi kaa la moto, halitelezi penye maji, na ukimkanyaga nalo mwalimu anayekuja kudokoa nyama, anakumbuka. Siku sufuria ya githeri ilipopinduka ikaniunguza mkono mpaka kiwiko, miguu ilitoka salama. Nilikaa nyumbani, nikapona, nikarudi. Wanafunzi walipogoma wakatupa mawe, nilijificha ndani ya ile sufuria ya uji, tupu, mfuniko juu, nikaishi pia. Walimu wakuu wamekuja na kwenda, mimi nipo. Kwa hiyo siandiki kama mtu dhaifu. Naandika kama mtu aliyechoka kuchekwa na watu niliowashibisha.

Sasa tuje kwenye foleni, maana neno lilizaliwa kwenye foleni.

Naibu wa mwalimu mkuu wakati huo alikuwa Bwana Ndirangu. Huyo wa kwanza, mwandikeni. Alipenda mpangilio kuliko chakula. Siku moja akasimama mlangoni pa jikoni na filimbi yake, akatangaza nani atangulie kula. Fomu foo kwanza, kwa sababu wana mtihani. Halafu mamono, yaani fomu wani, kwa sababu ni wageni na wakisukumwa wanalia. Halafu fomu thrii, na hapo sababu hakuisema, lakini tuliijua: hao ndio waliokuwa wakianzisha mgomo. Mwisho fomu tuu.

Mzee Salim akamuuliza, "Mwalimu, na fomu tuu wao wamekosa nini?"

"Hawajakosa chochote, mzee. Ni mpangilio tu."

Alipoondoka, Mzee Salim akageukia moto. "Hawa wengine mmoja ana mtihani, mmoja ana machozi, mmoja ana mawe. Fomu tuu ana nini? Ana tumbo peke yake."

Na ni kweli. Mtoto wa mwaka wa pili ndiye mtoto aliyesahaulika duniani. Mwaka wa kwanza mama yake alimsindikiza mpaka getini. Mwaka wa nne watamwombea kanisani. Mwaka wa pili hakuna anayeuliza. Sare imemkaa fupi, sauti inapasuka, na njaa yake ni ya mtu mzima.

Wa pili wa kuandikwa ni Oloo, mtunza stoo. Oloo alikuwa na mkono mwepesi wa kutoa unga na mkono mzito wa kuueleza ulikokwenda. Siku za ugali, debe lake lilikuwa halijai. Ukimwambia, anasema, "Mama Kasyoka, unga umeshuka wenyewe, barabara ina mashimo." Stoo na jiko vilitenganishwa na ukuta mmoja. Sijui hiyo barabara ilipita wapi.

Basi ikafika siku moja, ugali na maharagwe. Foleni imekwenda, fomu foo wamekula, mamono wamekula, fomu thrii wamekula na baadhi wamerudi mara ya pili wakijiita majina ya dini nyingine. Nikatumbukiza mwiko, ukagonga chini. Ugali umekwisha. Mbele yangu wamesimama fomu tuu wote, sahani mkononi, kimya. Watoto wa Eastlands wakikaa kimya, jua mambo ni mabaya. Bwana Ndirangu akachungulia, akasema, "Wataelewa," akaenda zake stafu rumu kunywa chai.

Hapo ndipo nilipomwona Mzee Salim akifanya kazi niliyokuja kuifanya maisha yangu yote. Hakupiga kelele. Alinyunyiza maji kiganja kimoja ndani ya sufuria tupu, akafunika, akaiacha juu ya makaa yanayokufa. Tukangoja. Watoto wakangoja. Kisha akafunua, akachukua bapa lake. Lilikuwa chuma alichofuliwa na fundi kutoka springi ya gari, jembamba kama kadi, pana kama kiganja. Akalipitisha pembeni pole pole, akizunguka, mpaka ukoko wote ukaachia kwa mkupuo mmoja, mzima, mviringo, rangi ya hindi la kuchoma. Sisi wengine kila mtu alikuwa na jina la kitu kile kwa lugha ya nyumbani, na wengi tulikuwa tukiwarushia kuku. Yeye peke yake aliuita ukoko, kwa Kiswahili cha kwao Majengo.

Akauvunja vipande, akamwagia mchuzi mzito wa maharagwe, akawapa.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa mtoto mmoja mfupi, shingo kama ya bata mzinga, sauti kubwa kuliko mwili. Huyo ndiye Kepha. Alitazama sahani yake.

"Mzee, hii ni nini?"

"Ukoko. Uma kwanza, uulize baadaye."

Akauma. Krap! Walisikia mpaka maabara. Akasimama, macho yamemtoka, akatafuna, akauma tena. Wenzake wakaanza. Ikawa kama mbuzi wameingia kwenye mabua. Fomu thrii waliokuwa wamemaliza wakasogea na sahani zao. "Niaje, tugawieni!" Kepha akapanda juu ya benchi, mchuzi unamtiririka kidevuni, akapiga kelele: "Enda uko! Nyinyi mlikula ugali! Huu ni wetu! Sisi ndio Ukoko!"

Darasa lote likaitikia, "Ukoko!"

Ndiyo siku lilipozaliwa neno. Hakulitunga mwalimu wala mimi. Alilipigia kelele Kepha mwenyewe, kwa fahari, mdomo umejaa.

Tangu siku hiyo Mzee Salim akawa anaupika kwa makusudi, nami akanifundisha. Truphena, sasa weka aproni chini usikilize. Ukoko ni kazi. Kuungua ni ajali. Ukishamaliza kusonga, vuta kuni nje ubakize makaa. Ukandamize ugali pembeni mwa sufuria kwa mgongo wa mwiko, tabaka jembamba. Kisha tumia pua, si macho. Ikija harufu ya mahindi ya kuchoma barabarani, uko sawa. Ikija harufu ya karatasi, umechelewa. Ikija harufu ya shati la mtu anayepiga pasi huku akiongea na simu, zima moto, omba msamaha. Katika miaka yangu yote, ile ya tatu ilinikuta mara chache sana, na siku hizo sikumpa mtoto yeyote. Mzee Salim hangeniruhusu. Alikuwa akiumega kipande kwanza, anatafuna upande wa meno mazuri, ndipo anasema, "Haya, waite wenyewe."

Ikawa desturi. Siku ya mwisho ya ugali kila mwaka, fomu tuu waliwaita mamono jikoni, wakawapa bapa walishike, wakavunja nao ukoko mmoja. Mwakani ni nyinyi, wanawaambia. Walimu hawakualikwa. Wavulana wengine walilia, wakasingizia moshi.

Na neno halikukaa jikoni. Mtaani nilianza kulisikia kwa watu nisiowajua. Kule Dandora mtoto wa kuzaliwa wa pili akaitwa ukoko wa nyumba. Kwenye kwaya yetu, sauti ya pili ikaitwa ukoko. Wenyewe shuleni walikuwa na namna yao: mmoja ni ukoko, wengi ni maukoko, na kupanda kutoka mwaka wa kwanza ni kukauka. "Umekauka?" "Nimekauka, buda." Jirani yangu mmoja alijaribu kumwita mke wake wa pili ukoko, na huyo mke alipomaliza naye, neno hilo halikutumika tena kwenye ploti yetu kwa maana hiyo.

Aliyelichafua kwanza ni Bwana Ndirangu. Alisikia watoto wanajiita, wanacheka, akaona kuna furaha isiyopitia ofisini kwake. Akaanza kulitumia paredi. "Nyinyi Ukoko, mabaki ya sufuria, msiojua kunyoa!" Neno lile lile, lakini kinywani mwake likawa kofi. Mzee Salim alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni akisikiliza. Akaniambia, "Kitu kikitoka jikoni kizuri kikafika ofisini kibaya, usilaumu jiko."

Mzee Salim alistaafu, baadaye akafa. Bapa aliniachia mimi. Sikupewa kwa sherehe, alilifunga kwenye gazeti, akasema, "Chukua, usilitumie kukatia sukuma wiki."

Kisha zikaja zile sufuria za mvuke. Mnazijua, ndizo mnazotumia. Zinapika haraka, hazina moshi, na siwezi kusema ni mbaya, kifua changu kinazishukuru. Lakini hazishiki kitu chini. Ugali unatoka wote kama mtoto anayetolewa kwenye beseni. Watoto wakaendelea kuitwa Ukoko bila kuujua. Nikawa natengeneza mmoja kwa mwaka, wa ile siku ya mwisho, kwenye sufuria ya zamani nyuma ya stoo, kwa kuni za kuokota. Nao wanauma, krap, wanashangaa, "Kumbe ni kitu ya ukweli!"

Halafu masomo yakabadilishwa na wakubwa, fomu wani wakaacha kuletwa. Mwaka jana fomu tuu walikuwa wa mwisho, na chini yao hapakuwa na mtu. Siku ya bapa ilipofika walisimama jikoni wakiangaliana. Mmoja wao, msichana mrefu mwenye miwani, akauliza, "Mathe, sasa tunampea nani?"

Nikasema, "Nipeni mimi niwawekee."

Mwaka huu pale shuleni kuna gredi ya kumi, ndio wageni wa mtaala mpya, na fomu thrii na fomu foo. Wa mwaka wa pili hawapo kabisa. Mwakani hao gredi ya kumi watapanda, nao watakuwa wa mwaka wa pili, na njaa ya mwaka wa pili haitabadilika kwa sababu masomo yamebadilika. Neno watalikuta. Swali ni watalikuta na habari gani. Hawajawahi kuuona ukoko, hawajanijua vizuri, na kitu pekee kilichopo cha kuwaeleza ni ile video. Watajua kwamba waliitwa majivu kwa sababu ya mama mmoja wa Dandora asiyejua kupika.

Nilimfuata Kepha. Nilimkuta anafunga vipaza sauti kwenye harusi, jioni haijaingia, amevaa suti ile ile.

"Mathe! Mambo! Si ulinipenda ile siku?"

"Kepha, nani aliwaunguzia?"

"Ai, mathe, hiyo ni joksi. Ya kuchangamsha watu."

"Ulikula majivu?"

"Si unajua vile joksi hukaa? Nikisema ilikuwa tamu, nani atacheka?"

"Kwa hiyo ilikuwa tamu."

Akatazama huku na huku, kana kwamba bwana harusi angesikia. "Mathe, usiniletee mambo ya zamani. Watu walifurahi. Hata Madam alifurahi. Wewe jikaze tu, itapita." Akaingia nyuma ya gari, akajifanya anatafuta waya.

Haitapita. Video hazipiti, zinazunguka. Fundi viatu bado anasema "si za fomu tuu", na wanaomsikia bado wanavuka kwenda kwa jirani.

Basi nataja wanaodaiwa majibu, na ninyi mnaosoma mnisaidie kuwauliza mkiwaona. Oloo, uliyestaafu kabla yangu ukiwa mnene kuliko sisi tuliopika, utuambie ile barabara yenye mashimo iko wapi kati ya stoo na jiko. Bwana Ndirangu, utuambie fomu tuu walikosa nini. Mzee Salim alikuuliza, hukumjibu, na mimi nauliza badala yake. Truphena, wewe nimekusamehe. Lakini utakuja kwangu Jumamosi na akala, nikufundishe kutumia pua, kwa sababu mwakani wewe ndiye utakayewapa bapa.

Na Kepha. Wewe sitaki uniombe msamaha pembeni, nyuma ya gari. Nataka uje siku ya ugali, ushike maikrofoni ile ile, na gredi ya kumi wote wamekaa, useme nani alipanda juu ya benchi. Ukija na mzaha wako wa majivu, nitakuwa nimesimama mbele na bapa, na nitakuuliza jambo moja, kwa sauti yangu isiyohitaji umeme.

Kila siku ya ugali ulikuwa ukibakia nyuma, unaniambia, "Mathe, niongezee kipande kimoja," nami nakifunga kwenye karatasi, unakitia ndani ya shati unakimbia nacho Huruma kwa nyanya yako aliyekulea. Alikuwa na meno ya kuhesabu, akawa anakichovya kwenye chai ya rangi. Alinitumia salamu kwa mdomo wako mwenyewe: mwambie mpishi, ukoko wa leo umezidi ule wa juzi.

Hayo yalikuwa majivu, Kepha? Ulikuwa ukimlisha nyanya yako majivu? Jibu mbele ya watu.